Aanze Mbwa

Nyumbani kwetu Marangu walikuwepo wawili wasioona vizuri, baba na mbwa wake, na kila mmoja alimtegemea mwenzake amwongoze. Mbwa akiubwekea mgomba, baba alimsifu kwa ulinzi. Baba akimkaripia ndama akidhani ni mimi, mbwa alimuunga mkono. Wote wawili walikuwa na mtoto wa jicho. Mama na mimi tulimsihi baba akafanyiwe upasuaji mpaka tukachoka.

"Aanze mbwa," alisema. "Akiona, nami nitaenda."

Alidhani ametuweza. Hakujua kwamba Moshi mjini yupo daktari wa mifugo aliyesomea macho. Tukampakia mbwa, tukampakia na baba.

Daktari alimwamkia baba, akatueleza kwamba kumtoa mtoto wa jicho ni kazi bure kama retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, imekufa. Angeipima kwanza: mbwa apewe dawa ya usingizi, jicho limulikwe, mashine ichore mstari. Retina nzima huuinua mstari huo.

"Umlaze, halafu umpime kuona?" mama akauliza. "Mimi nikilala hata ndoto sizioni vizuri."

Mstari ukatoka umelala kama mbwa mwenyewe. Baba alipoambiwa, akachukua kofia yake.

"Basi. Twendeni nyumbani."

Niliumia, maana nilijua hazungumzii mbwa peke yake.

"Subiri, mzee," daktari akasema. "Alikuwa anahangaika, nikamwongezea dawa. Dawa hizi zikizidi, retina nayo inalegea. Siku nyingine nitampa ya kumtuliza tu, turudie."

Mama alimcheka daktari njia nzima mpaka Marangu.

Tuliporudi wiki iliyofuata, mbwa alisinzia kidogo tu. Safari hii baba hakutaka kuambiwa na mtu. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha mashine.

"Umelala vilevile," akasema. "Niliwaambia."

Mstari ulikuwa umepanda, tena sana. Hata mimi niliyesimama mlangoni niliuona. Nilikuwa nimejiandaa kumtania, nikashindwa.

Mama akamshika mkono. "Umepanda, baba watoto. Umepanda kweli."

Baba aliendelea kukikodolea macho kile kioo. Kisha akamwuliza daktari wa mbwa, kwa sauti ya chini, kama na yeye akienda watamlaza sana.