Salamu Niliyomsomea Daktari Chini ya Meza

Mkicheka, chekeni polepole, mke wangu asisikie.

Furaha, mke wangu, ndiye aliyepata habari ya daktari mmoja wa kike hapa Uvira aliyepima watu wazima nyumbani kwake, wale wanaohisi walizaliwa na usonji, hali ambayo kelele huweza kumuumiza mtu na kutazamana machoni kukamshinda. Minye nilidhani kupimwa ni mtihani kama wa shule, nikataka kufaulu. Basi Furaha akanifundisha kumtazama mtu machoni, kutabasamu na kuuliza habari za nyumbani. Vita ilikuwa karibu, watu wanafunga mizigo, naye kila jioni alikaa akijifanya daktari. Uvumilivu ule sijauona kwa mwalimu yeyote.

Siku yenyewe nilisimama mbele ya daktari, nikamkazia macho, nikaanza na habari ya watoto. Mara masasi ya bunduki yakalia upande wa Kalundu, kule bandarini. Daktari akaingia chini ya meza.

“Papa, lala chini!”

Sikutaka kupoteza alama. Nikainama, nikayatafuta macho yake, nikatabasamu.

“Na wazazi, wako muzuri?”

Akanivuta shati mpaka nikaanguka kando yake. Sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayempokea mgeni sebuleni.

“Wazazi wako muzuri. Nani alikufundisha hiyo salamu?”

“Mke wangu. Ili nifaulu.”

“Anakupenda sana. Lakini leo napima weye, si yeye. Hizi kelele, unazisikiaje?”

Tabasamu likanitoka. Nikafumba macho, nikaziba masikio kwa mikono miwili, nikalia mbele yake kama mtoto.