Jina Lisilotafutwa

Ka! Sauti ile haijamtoka masikioni: komeo la bafuni, nyumbani kwa kaka yake, likifungwa kwa ndani na wifi yake, kisha kimya. Kufuli alikuwa mgeni siku hiyo, kikombe cha chai mkononi. Kaka alicheka, akasema, "Wifi yako ana vituko." Naye Kufuli akanywa chai yake. Haukupita mwaka, wifi akabisha hodi ofisini kwake na begi moja, jicho limefumba kwa uvimbe.

Kufuli ni jina la kazini. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, mpole wa sauti, karani katika shirika linalowahifadhi wanawake waliokimbia vipigo. Wenzake humtania: "Kufuli, sukari iko wapi, au nayo umeifungia?" Hujibu, "Iko tumboni mwenu." Yeye ndiye mtunza kumbukumbu: nani kaja, kalala nyumba gani, anatumia dawa gani. Hazikai ofisini, maana ofisi ilishavunjwa mara moja. Zinakaa mbali, kwenye mitambo ya kampuni ya kuhifadhi data, zikiwa zimesimbwa. Kila faili hugeuzwa alama zisizosomeka kabla halijatoka mezani kwake. Akimtafuta mtu, jina nalo hugeuzwa alama. Mitambo hulinganisha alama kwa alama, hutoa faili linalolingana, bado limefungwa, na Kufuli hulifungua kwa nywila yake. Watu wa kampuni ni kama wabeba masanduku: wanaona sanduku lipi limetolewa, hawaoni kilichomo.

Lakini kuona huko nako ni kuona. Ndiyo maana ofisini wana mwiko: jina moja halitafutwi peke yake. Ukimtaka mmoja, waite na wengine usiowahitaji, ili anayechungulia asijue umemfuata nani.

Jumamosi moja mchana kaka alikuja nyumbani kwake, na mama yao nyuma yake. Kompyuta ya kazi ilikuwa mezani.

"Sitaki kujua alipo, mdogo wangu," kaka alisema. Macho yalikuwa mekundu. "Tafuta jina lake tu. Akiwemo, niitikie kwa kichwa. Nijue yu hai, basi."

"Kaka, kazi yangu unaijua."

"Kazi! Ulipovunjika mguu, nikakubeba mgongoni kwenda shule na kurudi, niliuliza ni kazi ya nani?"

"Mwanangu," mama akadakia, "kuitikia kwa kichwa nako ni dhambi? Huyu ni damu yako."

Kufuli alijisikia analegea. Kweli, kichwa tu. Hatataja mji, hatataja nyumba. Alifunua kompyuta, akaingiza nywila, akaanza kuandika jina la wifi yake. Aliliandika peke yake, bila mengine ya kulisindikiza. Huruma ilikuwa imemfutia mwiko kichwani. Kaka alisimama nyuma yake, pumzi yake ikimgusa shingo.

"Ngoja," kaka alisema. "Usibonyeze kwanza."

Alitoa simu, akaandika neno, akasubiri. Simu ikatetemeka.

"Haya. Sasa."

Kidole cha Kufuli kilibaki hewani. Mtu anayemhofia mkewe hivi, anangoja nini tena?

"Unamwandikia nani, kaka?"

"Rafiki tu. Bonyeza."

"Yule aliyekusimamia harusini?"

Kaka aliigeuza simu, kioo chini. Yule aliyemsimamia harusini alikuwa fundi wa mitambo katika kampuni ile ile. Kufuli alilijua hilo siku zote, na halikumnyima usingizi, kwa kuwa fundi hawezi kusoma hata herufi moja ya faili. Sasa akaelewa. Hahitaji kusoma! Yuko mbele ya mitambo yake dakika hii, anangoja. Sanduku moja likitolewa, ndilo la wifi. Baada ya hapo ni kulivizia tu: nyumba anakolala huongeza taarifa zake kila asubuhi, na fundi ataona limeguswa kutoka mji gani. Kuitikia kwa kichwa kulikuwa chambo.

Alifuta jina herufi kwa herufi, akafunika kompyuta.

"Fungua," kaka alisema taratibu.

"Hapana."

"Nimesema fungua!" Aliishika kompyuta pembeni, akavuta. Kufuli aliilalia kifua kizima. Glasi ikaanguka, maji yakatiririka mezani hadi sakafuni.

"Jamani! Jamani, wanangu!" mama alilia.

Kaka aliachia. Alimtazama dada yake kama mtu asiyemfahamu. "Kumbe nilibeba nyoka mgongoni," alisema, akatoka, akauacha mlango wazi.

Kufuli alikwenda kuufunga, akazungusha ufunguo, akarudi kukaa. Aliikalia mikono yake. Mama alisogeza kiti, akakaa karibu naye, miguu yao ndani ya maji yaliyomwagika.

"Mambo ya simu sikuyajua, haki ya Mungu," mama alisema. "Nilidhani ni majonzi tu." Alijifunga kanga upya. "Yule mtoto alikuwa akinisuka nywele kila Jumapili. Huniamini mimi? Sitamwambia mtu. Yu hai?"

Kufuli alimgeukia. Aliutoa mkono mmoja chini ya paja, akaushika wa mama yake, akainama karibu kabisa na sikio lake.

"Hata wewe sikwambii, mama."