Nyota za Jumamosi

Siku hizo nilikuwa na majivuno, nakiri. Katika taasisi moja ya utafiti wa mazao pale Eldoret, mimi ndiye pekee niliyethubutu kugusa kiini cha mfumo wa kompyuta, ile programu ya ndani kabisa inayoigawia kila kazi zamu yake. Wafadhili walikuwa wametuletea mashine moja kubwa kama kabati, terminali nane za kuandikia, na maandishi yote ya programu katika majalada mazito ambayo hakuna aliyeyafungua ila mimi.

Watafiti walilalamika kwamba mashine inakawia wanapoandika. Mimi nilishuku wanaokawia ni wao. Kiini kilikuwa tayari na sehemu ndogo ya kufuatilia matukio: diski ikiamka, kinaandika saa. Nikaipanua. Nikakifundisha kupima muda kati ya kila kitufe kinachobonyezwa na kinachofuata, kisha kuupanga kwa mafungu, wa haraka kushoto, wa polepole kulia, kila mtumiaji peke yake. Jioni printa ilitoa karatasi ya histogramu: vilima vya nyota, kirefu pale palipo na mibonyezo mingi. Herufi zenyewe sikuzirekodi, muda tu. Hilo nililiona ni adabu.

Baada ya wiki mbili nikaanza kukiogopa kidogo nilichokitengeneza. Kila mtu alikuwa na sura yake karatasini. Ningeweza kulifunika jina lililo juu ya karatasi na bado nikajua ni nani. Mkuu wetu wa kitengo alitafuta kila herufi kwa kidole kimoja, kwa hiyo nyota zake zilitawanyika mbali kulia, kushoto pakiwa peupe. Mwenzangu wa meza ya pili, dada mmoja kutoka upande wa ziwa aliyekuwa mpiga chapa kabla ya kusomea kompyuta, alikuwa na kilima kirefu chembamba kushoto kabisa, na kingine kidogo katikati, maana kila mwisho wa sentensi alipumzika. Nilizibandika karatasi ukutani nikawatania wote. Yeye alicheka sana.

"Wewe utakuja kutupima hata tukilala," akaniambia.

Jumatatu moja ya Julai, ukungu umeshuka hadi madirishani, hakuja kazini. Mkuu akatuita.

"Huyu dada yenu ame-resign. Amepata scholarship huko ng'ambo. Alikuja hapa Jumamosi asubuhi, akaandika barua ya kuacha kazi, akaenda."

Barua ilikuwa safi, na faili la barua hiyo lilikuwa katika akaunti yake kwenye mashine. Kila mmoja wetu alikumbuka alivyouliza mkutanoni, mbele ya wageni wa chama tawala, mbegu za msaada walizoahidiwa wakulima zilienda wapi. Miaka ile ukisikia mtu amesafiri ghafla, unainamisha kichwa na kuendelea na kazi yako.

Nikangoja wenzangu waende chai, nikaitoa karatasi ya Jumamosi. Juu palikuwa na jina lake. Chini ya jina, kushoto palikuwa peupe, na nyota zimetawanyika mbali kulia. Ilikuwa kama kumwona mtu amekaa ndani ya jina la mwingine, akitafuta herufi moja moja kwa kidole.

"Hii kitu yako ya nyota."

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Inafanya hata Jumamosi?"

"Hapana, Mzee. Wikendi naizima."

"Sawa," akasema, lakini hakuondoka. Alitazama karatasi za ukutani, moja baada ya nyingine, mpaka akaifikia yake. Akaitazama muda mrefu, huku akinywa chai.

Jumatano mchana mume wa yule dada alinipata getini. Alikuwa mwalimu upande wa Kesses, mtu mpole, na nilikuwa nimekula kwake mara nyingi. Alikuwa na nakala ya barua mkononi.

"Tulikosana Alhamisi," akasema. "Ijumaa hakurudi nyumbani. Pengine ameniacha, sijui. Lakini wakili ananiambia, akipata mtu mmoja tu wa kusema hii barua si yake, kesho anaingia kortini, polisi waseme wamemweka wapi. Wewe unajua mambo ya hiyo mashine, ndugu yangu. Ni yeye aliandika?"

Karatasi ilikuwa kifuani mwangu, ndani ya sweta, imekunjwa mara nne. Juu ghorofani pazia la mkuu lilikuwa wazi. Nyumbani nilikuwa na mke na mtoto wa miezi mitatu. Niliogopa, basi, sina neno zuri zaidi.

"Ni yeye," nikasema. "Mashine inaonyesha ni yeye."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yakimtoka.

"Afadhali," akasema. "Basi ameniacha tu. Angalau yuko salama."

Karatasi niliichoma jikoni kwangu. Kesho yake nikaiondoa kwenye kiini ile sehemu yote niliyoiongeza, mstari kwa mstari, nikawaambia watu ilikuwa ikiichosha mashine.

Yule dada aliachiliwa kutoka kizuizini baada ya mwaka na nusu. Nilikutana naye mjini, karibu na posta, amekonda, mvi zimemjaa. Mumewe alikuwa ameshaoa mwingine. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za mtoto wangu. Kisha akaniuliza kama najua ni kwa nini mume wake hakumtafuta.

Nikamwambia sijui.