Mgagani wa Zizi la Jirani

Juzi mdogo wangu alinipigia simu kutoka Nyamwaga. "Dada, mjukuu wangu amejifungua, na maziwa hayatoki vizuri. Njoo tutafute mgagani." Nilicheka peke yangu jikoni, nikamshukuru Mungu, maana huyo mdogo wangu naye alilelewa kwa mboga hiyo hiyo.

Kama hukukulia kwetu, mgagani huota wenyewe, majani yake yamechanua kama vidole vya mkono, na uchungu wake si wa mchezo. Sisi watoto tulitafuna vichipukizi vibichi kwa chumvi, tukishindana nani atakuwa wa kwanza kukunja uso. Jikoni kwa bibi mambo yalikuwa mengine. Aliyachemsha majani, akamwaga maji ya kwanza, akayarudisha chunguni na maziwa, akayaacha kando ya moto mpaka kesho yake, ndipo aongeze maziwa tena na siagi kidogo. "Uchungu haufukuzwi," alikuwa akisema, "hubembelezwa." Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi na maziwa yaliyoanza kuchacha, nauona mkono wake ukigeuza mwiko.

Mdogo wangu alizaliwa kiangazi kikali. Mama alikuwa amelala, matiti makavu, na mtoto analia kilio chembamba kinachozidi kufifia. Mgagani wetu wote ulikuwa umekauka. Uliobaki ulikuwa kwa jirani, ndani ya zizi lao la zamani, kwa sababu mgagani hupenda mahali walipolala ng'ombe. Samadi nene hushika unyevu. Lakini ng'ombe wa jirani huyo walikuwa wameingia shamba letu la ulezi, na tangu siku hiyo bibi na yule mama hawakusalimiana. Bibi alikuwa mtu wa sala. Kila jioni alituongoza, ila akifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, sauti yake ilishuka kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake.

Asubuhi moja aliniita. "Nenda kaombe mgagani. Usiseme nimekutuma."

Nilimkuta jirani akifagia uwanja. Nikamwamkia.

"Marahaba. Bibi yako bado ana ulimi wa kusalimia, au ng'ombe wangu waliula pamoja na ulezi?"

Niliinama. Nikasema mama amejifungua, hana maziwa, na kwamba hakuna aliyenituma. Ufagio ukasimama. "Mboga ya mzazi haiombwi mara mbili," akasema, akachukua kikapu, akaingia zizini. Alichuma ncha tu, hakung'oa shina hata moja. Kilipojaa akanikabidhi. "Mwambie huyo ambaye hakukutuma, kikapu changu akirudishe mwenyewe."

Mama alikula mgagani ule kwa uji wa ulezi na kwa ugali, mpaka maziwa yakashuka, na mtoto akalala usingizi wa kushiba. Ni mboga au ni sala? Bibi alisema Mungu hafanyi kazi kwa mkono mmoja.

Sasa, kwetu kikapu cha watu hakirudi kitupu. Bibi alikijaza ulezi, akajifunga khanga, tukaongozana. Langoni alisimama, akaikaza khanga. "Hodi!"

"Karibu!"

Akamnyooshea kikapu. "Huu ndio ulezi walioubakiza ng'ombe wako."

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, na bibi naye akacheka. Jioni ile alisali sala yote kwa sauti moja.

Siku hizi mgagani unauzwa kwa mafungu sokoni Tarime, lakini mdogo wangu alinipeleka kule kule kwa jirani. Yule jirani alishafariki, watoto wake wamehama, nyumba imeanguka, na migomba ya watu wengine imefika hadi uwanjani. Zizi halipo. Mgagani tu ndio umeota kwa duara, pale pale walipolala ng'ombe.

Nilisimama palipokuwa lango. "Hodi!"

"Dada, unambishia hodi nani?"

"Mwenye mboga."

Mdogo wangu alicheka, kisha akasimama kando yangu. Tukachuma ncha tu. Kabla ya kuondoka nikayapukuta maganda yaliyokauka, mbegu zikamwagika juu ya ile samadi ya zamani. Hakuna tena wa kumrudishia kikapu, lakini sikuweza kuondoka bila kuacha kitu.