Hija ya Mwaka Jana

Mama mkwe wangu hupiga pasi nguo za watu, na mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Husimama mezani tangu asubuhi, miguu ikavimba mpaka kandambili zikambana. Ukimwambia akae, anakujibu kwamba suruali hazipigwi pasi kwa makalio. Mdomo anao.

Kila mwaka, sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa mji wetu ikikaribia, waumini hutembea kutoka kanisa kuu hadi kanisa la kilimani, kila mtu na nia yake moyoni. Mwaka jana Mama alimtembelea mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa hoi kitandani hospitalini. Yaani alitembea kwa ajili yake. Alipofika kituo cha mafuta, akaanguka. Mume wangu, ambaye ni dereva wa teksi, akambeba mzobemzobe, akampakia garini na kumshusha mlangoni pa kanisa. Tulipiga makofi. Haukupita muda, mdogo wake akafa.

Mwaka huu, siku moja kabla ya hija, nilimkuta amevaa raba za mume wangu, kazijaza matambara mbele.

"Mama, hija si kesho?"

"Kesho ni ya mwaka huu. Leo namalizia ya mwaka jana. Mwite mwenzio anipeleke pale aliponitoa."

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia watu watasema amechanganyikiwa.

"Wacha waseme. Midomo si yao?"

Mume wangu alikuja mbio, uso umemshuka. "Mama, kwa hiyo ni mimi niliyemuua mama mdogo?"

"Nani kakwambia? Uliniwahisha, ahsante. Lakini mimi niliahidi kwa miguu."

"Sasa utaomba nini, na mwenyewe tumeshamzika?"

"Nitaomba nilichokuwa naenda kuomba. Washa gari."

Akashuka kwenye kituo cha mafuta, akaanza kutembea. Nilikuwa ubavuni kwake. Mume wangu alitufuata taratibu na gari, huku madereva wenzake wakimpigia honi na kumtukania ukoo mzima. Kilimani Mama aliketi ukingoni mwa barabara. Nikajua yamekwisha. Mume wangu akafungua mlango wa gari.

"Funga mlango huo," Mama alisema, akanishika bega, akainuka.

Kanisa lilikuwa limefungwa. Mwanamke mmoja alikuwa anadeki ngazi. "Bibi, hija ni kesho," alituambia. Mama akapiga magoti palepale kwenye maji.

"Mponye mdogo wangu," aliomba kwa sauti. "Apate hamu ya kula. Ainuke, arudi nyumbani kwake."

Hakubadilisha neno, kama vile mdogo wake bado yuko wodini anasubiri. Mama wa usafi akaweka ufagio chini. Mimi nililia bila aibu. Mume wangu alibaki kule kwenye gari, ameegemea mlango, hathubutu kusogea.

Mama alipomaliza alifuta uso kwa upindo wa kanga. Mume wangu akaja, tukamwinua, mimi huku na mwanawe huku, na alipokwisha kusimama hakuuachia mkono wa mwanawe.

"Kesho natembea kwa ajili yako," alimwambia. "Tangu msiba ule hulali. Unadhani sisikii unavyozunguka uani?"