Viraka vya Njano Magotini

Mwaka 2018 nilikuwa nashona Fordsburg, mtaa wa Johannesburg, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la vitambaa, pamoja na mama mmoja wa Bukavu aliyenizidi umri kwa mbali. Mimi ni wa Tanga. Yeye alishona magauni ya kanisani na suti za harusi, mimi mabaibui na sare za shule, na kazi kubwa ilipoingia tuliigawana. Aliniita mdogo wangu. Mimi nilimwita Mama, kama walivyomwita wateja wote.

Mwishoni mwa Novemba, tukiwa tumezama kwenye sare za Januari, alipanda kijana mmoja mrefu, suruali ikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Mama alimtambua mara moja, maana wiki iliyotangulia alikuwa amewashonea nguo wasimamizi wa harusi ya dada wa kijana huyo. Wazazi wake walikuwa Warundi, yeye alizaliwa hapa hapa Joburg. Kiswahili alikielewa, ila kukizungumza kulimpa taabu, kwa hiyo alisalimia kwa Kiswahili kisha akahamia Kiingereza. Akaitandaza suruali mezani. Ilikuwa nyeusi, mpya kabisa, ya kitambaa kizito kisichopitisha maji. Alitaka tuitie viraka magotini, vya rangi ya njano.

Mama aliigeuza nje ndani, akaimulika dirishani, akaniangalia. Akamuuliza imepasuka wapi. Kijana akacheka, akasema haijapasuka popote.

Ndipo akatueleza. Baba yake alikuwa mpishi kwenye hoteli moja milimani Lesotho, mahali ambapo theluji huanguka kipupwe na ikipungua hutengenezwa kwa mashine. Kila likizo ya Julai watoto walipelekwa huko kwa baba, na huko ndiko alikojifunzia kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, na fimbo mbili mikononi. Sasa alikuwa anasoma Ulaya, amekuja kwa ajili ya harusi tu, na baada ya wiki mbili angeshindana Finland, mashindano yake ya kwanza ya kimataifa ya wanaume. Tena si kuteleza kwa kushuka tu. Mteremko wenyewe umejaa matuta ya theluji yaliyobanana, juu mpaka chini, na katikati kuna sehemu mbili za kuruka ambapo mtu hana budi kujipindua hewani. Waamuzi wanatazama mwendo, wanatazama kuruka, lakini kuliko vyote wanatazama jinsi unavyokata kona kati ya matuta, magoti yakiwa yameshikana kama goti moja. Ndiyo maana washindani huweka rangi tofauti magotini, waamuzi wayaone vizuri kutoka chini.

Nilimwambia sijaelewa. Mtu atapitaje kwenye matuta kwa kasi bila kuvunjika miguu?

Kijana akatazama huku na huku, akaomba ruhusa, akaanza kushusha majora ya vitambaa kutoka kwenye rafu. Akayapanga sakafuni, moja kushoto, moja kulia, kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya kupigia pasi. Akarudi mlangoni, akabana magoti, akashika hewani fimbo ambazo hazikuwapo, akaanza. Alikuwa anarukaruka kutoka jora hadi jora, magoti yanapanda mpaka karibu na kifua na kushuka, yanakwenda kushoto na kulia pamoja, huku kichwa na mabega vimetulia tuli kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Chumba chote kilitikisika. Muuza vitambaa wa chini alipanda kuuliza kuna nini, akabaki mlangoni anatazama. Mama alikuwa ameweka mkono mdomoni. Kijana alipofika kwenye meza ya pasi Mama alimwambia arudie, na aliporudia mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasimama juu ya kigoda ili nione vizuri.

Kuanzia hapo hatukushika sare tena siku ile. Mama alikata viraka kwenye kipande cha kitambaa cha koti la mvua la njano, mimi nikavipachika. Kitambaa kile kilisumbua, sindano ya kawaida ilikuwa inaruka mishono, ikabidi niende kununua ya kushonea ngozi. Jioni kijana alikuja kujaribu. Akisimama, viraka vilikaa pazuri. Alipochuchumaa tu, vyote viwili vikapanda juu ya mapaja. Ndege yake ilikuwa kesho yake. Alisema hakuna shida, ataivaa hivyo hivyo. Mama alikataa katakata.

"Wale bazungu batatazama magoti, weye utabaonyesha mapaja?" alisema. "Chuchumaa hapo, usisimame mpaka nimalize."

Kijana akachuchumaa, Mama akapiga magoti mbele yake na chaki, akachora upya goti lilipo wakati limekunjwa. Mimi nikafumua. Kila tundu lililoachwa na mshono wa kwanza tulilifunika kwa ndani na utepe wa kuzuia maji, nikaupiga pasi ushike. Asubuhi alipoivaa na kushuka chini kabisa, viraka viliganda juu ya magoti kama vimezaliwa pale. Alitukumbatia wote wawili, akaondoka mbio.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi. Saa za Finland wakati ule ni sawa na zetu, kwa hiyo walianza mchana. Muuza vitambaa alituletea kompyuta yake, akabaki hapo hapo, duka akamwachia mkewe. Picha ilipotokea nilishtuka. Kwetu ilikuwa mchana kweupe, lakini kule giza lilikuwa limeanza kuingia, taa kubwa zinawaka, na matuta yanang'aa kama mayai kwenye trei. Wa kwanza alishuka, na ndani ya muda mfupi kuliko wa kupitisha uzi kwenye sindano alikuwa chini. Wa pili akaanguka kwenye kuruka kwa kwanza, skii moja ikaenda kivyake. Mama akasema hawezi kutazama, lakini hakuondoa macho.

Kumi na sita bora ndio wangeingia fainali. Kijana wetu alipotokea juu, jina lake na bendera ya Afrika Kusini chini ya picha, nilimshika Mama mkono. Nilisema Bismillahi, yeye akamwita Yesu wake. Kijana akasukuma fimbo. Magoti ya njano yakaanza kucheza, kushoto, kulia, kushoto, yameshikana kweli kweli. Akaruka mara ya kwanza, akatua, akaendelea. Akafika pa pili, akapaa, akajipindua. Na hapo mtandao ukaganda.

Alikuwa kichwa chini, miguu juu, viraka viwili katikati ya kioo, na hakuna kilichosogea. Muuza vitambaa akaanza kubonyeza kila kitu, Mama akampiga mkono aache. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Picha iliporudi, kijana alikuwa amesimama chini, mikono juu, anahema. Mama alipiga kigelegele mpaka watu wa mtaani wakainua vichwa.

Alikuwa wa kumi na tano. Kila aliyeshuka baada yake tulimtazama kama adui. Mmoja akampita, akawa wa kumi na sita. Akabaki Mjapani mmoja, mwepesi ajabu, ambaye kama angefika salama, safari ya mtu wetu ingekwisha. Mjapani alianguka karibu kabisa na mwisho. Namwomba radhi mpaka leo, maana tulishangilia kama watu waliojifungua mapacha.

Kwenye fainali kijana wetu alishuka kwa nguvu zote, kasi kuliko mwanzo, na matuta ya mwisho yakamshinda. Alivuka mstari kwa mgongo. Akainuka, akakung'uta theluji, akacheka kwenye kamera. Alimaliza wa mwisho katika wale kumi na sita.

Mama alijaribu kurudi kwenye cherehani, mshono ukaenda upande. Tukafunga. Tulinunua chipsi na samaki, tukala tumesimama pale pale kwenye kona ya mtaa, kila mmoja akimsimulia mwenzake kitu ambacho wote tulikiona.

Kesho yake kijana alipiga simu, Mama akaiweka kwa sauti ili na mimi nisikie. Mama hakumuuliza habari za kuanguka.

"Maji yalipita?"

"Hata tone, Mama," alijibu.

Mama akaniangalia, akaniambia niikumbuke ile sindano ya ngozi, kwa kuwa kijana alikuwa ameanza kumweleza habari za suruali za wenzake watatu waliotaka viraka kama vyake.