Adeer Hirsi na Kifuniko cha Mkanda

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote. Mkono wa baba yangu haukuharibiwa na Adeer Hirsi. Niliuharibu mimi.

Moyo bado unakataa kwamba Adeer hayupo. Leo asubuhi nilisikia kinu kikiwashwa, nikangoja ile sauti yake, "Simameni kwanza, nani ameangalia?" Haikuja. Malaria hii ya baada ya mafuriko imemmaliza kwa siku tatu tu. Tulimzika jana. Allah ha u naxariisto, Mungu amrehemu.

Nyinyi mnaosubiri unga hapa Galbet mnamjua: meneja wa kinu, ndevu za hina zilizoshinda nyeupe kwa unga. Nilimwita adeer, baba mdogo, ingawa hatukuwa damu moja.

Karatasi hii nitaibandika mlangoni pa kinu, panapowekwa matangazo, kwa sababu kusema mbele za watu siwezi. Mimi ni Hodan, binti wa Mzee Abdi wa mashine. Yule asiyeinua macho.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa darasa la saba. Nilimpelekea aabo, baba yangu, chakula cha mchana kinuni, yeye akiwa msikitini. Kalamu yangu ikadondoka nyuma ya injini. Nikavuta kile kifuniko cha wavu kinachokinga mkanda, nikapapasa. Kalamu sikuipata, na kifuniko kikakataa kurudi mahali pake.

Mlangoni walikuwapo wanaume sita wakinywa chai. Nilitakiwa kusema neno moja tu, "Nisaidieni."

Niliona haya. Nikakiegemeza kikae kama kimefungwa, nikaenda zangu.

Aabo alirudi, akawasha. Akapitisha kitambaa juu ya kifuniko kupangusa unga, kama kila siku. Kifuniko kikaanguka, mkono ukafuata. Vidole viwili vikaenda. Vitatu vilivyobaki vikakakamaa.

Siku ya nne Adeer Hirsi aliniita nimjazie fomu ya ajali. Ilikuwa ya Kiingereza, na mimi ndiye msomi wao. Tukaandika jina, umri, saa. Tukafika penye "cause of accident", chanzo cha ajali. Hapo akatoa kalamu yangu mfukoni, akaiweka mezani.

"Tumia hii," akasema. "Bado ina wino."

Nililia. Aliniacha nilie mpaka nikachoka.

"Sasa andika: meneja hakukagua mashine kabla ya kuwashwa."

"Adeer, huo ni uongo."

"Uongo uko wapi? Kukagua ni kazi ya nani? Mtoto akipita akalegeza kitu, mimi ndiye wa kukiona. Andika, Hodan."

Nikaandika. Fomu ile ni mwandiko wangu.

Mwenye kinu alimkaripia mbele ya wafanyakazi wote. Aabo akaacha kuitikia salamu yake. Na yeye akaendelea kuja kwetu kila siku baada ya swala ya alfajiri, anasalimu, hajibiwi, anakaa.

Hospitali walimpa aabo mpira wa kuminya ili vidole vilegee. Aabo akawapa watoto wakacheza kandanda. Kesho yake Adeer Hirsi akaja akivuta mbuzi.

"Kamua."

"Mbuzi ni kazi ya wanawake. Mkono umeshanimalizia, sasa unataka na heshima?"

"Warya, wewe bwana, ukimuweza huyu nitakutafutia ngamia, kazi ya wanaume. Usipomuweza, watoto wako leo chai bila maziwa."

Siku hiyo walikunywa chai bila maziwa. Wiki nzima maziwa yalikwenda mchangani zaidi kuliko kikombeni, na Adeer alimshika mbuzi miguu. Ilichukua miezi. Siku vile vidole vitatu vilipofunga vizuri, Adeer alimpeleka aabo nje ya mji kukamua ngamia wa shemeji yake. Aabo alirudi na povu kwenye sharubu, akijizuia kucheka. Asante hakusema.

Halafu mwenye kinu akasema hapa si hospitali, Abdi abaki nyumbani. Adeer Hirsi akamjibu, "Kama aliyeumia hafai, mimi niliyemuumiza nafaa vipi?" Aabo akapewa light duty, kazi nyepesi. Kazi ya aabo ikawa kukagua kile kifuniko kila asubuhi, na injini isiguswe mpaka aseme sawa. Hata meneja mwenyewe alisimama nje akingoja, kama mwanafunzi mlangoni pa hedimasta.

Lakini nyumbani aabo aliendelea kumwita "yule mtu wa mkono wangu". Nami nilikuwa namimina chai tu.

Jana makaburini, kaka yangu amenisimulia, waliuliza kama ilivyo desturi: mwenye dai na marehemu, amsamehe. Wote wakasema wamesamehe. Aabo alinyamaza. Alikuwa anatazama kiganja chake.

Ndiyo maana nimekaa kuandika. Mara mbili leo nimeificha karatasi hii chini ya mkeka.

Adeer, hukuniambia hata siku moja ninyamaze. Niliwahi kukuuliza, "Je, nikimwambia?" Ukasema, "Siku utakayoweza, usije kwangu kuomba ruhusa. Ila ujue, kifuniko kitabaki kazi yangu."

Nimeweza leo, wakati husikii. Nisamehe kwa hilo. Salamu zile zote ulizotoa bila kujibiwa, mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikizijibu kimoyomoyo.

Nasikia kandambili za aabo uani. Anakuja huku. Mkeka uko karibu, lakini karatasi naiacha hapa hapa mezani.

Tulia ulipo, Adeer. Mkono huu si juu yako tena. Aabo husoma Kiswahili polepole, kidole kikifuata mstari. Nitasimama hapa mpaka amalize.